Mlinzi wa Nyasi

Mume wangu, Ignas Makoye, alifariki mwaka 1956, akiwa na miaka arobaini na mitano au sita. Mama yake alihesabu umri wake kuanzia mwaka wa nzige, na nzige walikuja zaidi ya mara moja. Alikuwa mrefu na mkimya, mwenye kovu la moto kwenye mkono wa kushoto tangu utotoni. Hakuwahi kuwa mzee wa kanisa, wala mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, wala karani. Kazi aliyoifanya kwa miaka minne ilikuwa kulinda nyasi zisiungue. Naandika habari zake kwa sababu mpaka leo, ukipita Segese ukamtaja Makoye, utaambiwa, "Yule aliyelala, moto ukala pori lote." Hakulala. Mimi ndiye niliyeishi naye. Alinieleza yote, na hakuwa mtu wa kuongeza maneno.

Miaka ile, pori lililoanzia nyuma ya mashamba yetu kuelekea Bulyanhulu lilikuwa la mbung'o. Ng'ombe aliyeingia humo alitoka salama kwa macho, lakini baada ya miezi miwili manyoya yalisimama, mbavu zikahesabika, na akafa akiwa na majani mdomoni. Serikali ilileta kazi ya kuwafukuza mbung'o, na njia mojawapo ilikuwa moto.

Haukuwa moto wowote tu. Wazee wetu walizoea kuchoma nyasi mapema, mara mvua zinapokatika, ili ng'ombe wapate majani mabichi. Mzungu aliyesimamia kazi, ambaye watu walimwita Bwana Mbung'o, alikataza hilo. Alitaka nyasi ziachwe zikauke kabisa mpaka mwisho wa Septemba, kisha zichomwe kwa siku moja, upepo ukitoka upande mmoja, ili ndimi za moto zipande mpaka kwenye matawi na kuua vichaka ambamo mbung'o hujificha jua. Makoye alinifafanulia hivi: "Moto wa Julai ni mpita njia. Anasalimia, anakwenda zake. Wa Septemba anaingia ndani na kuketi." Na nyasi zikishaungua Julai, Septemba hakuna tena cha kuwasha. Mwaka mzima umepotea.

Kwa hiyo kuanzia Mei nyasi zililindwa kama mtama unavyolindwa ndege. Walinzi waliwekwa mmoja mmoja, mwendo wa saa mbili kutoka kwa mmoja hadi kwa mwenzake. Kila mmoja alijenga kibanda chake, na alikaa humo mpaka siku ya kuchoma. Juu yao alikuwepo nyapara, mtu mmoja wa Kahama aitwaye Gregory, aliyewazungukia kwa baiskeli mara moja kwa wiki kuwapelekea unga na chumvi.

Nilikiona kibanda cha Makoye mara moja tu kikiwa kizima, Juni 1947. Nilikuwa nikifundisha wasichana katika shule ya misheni, na likizo ilipofika nilikwenda na wifi yangu Serafina kumpelekea karanga na shati. Tulitembea tangu alfajiri mpaka jua la saa nne. Njia ilipita katikati ya nyasi zilizotuzidi kimo, za manjano, zilizotoa mlio kama karatasi inayokunjwa. Serafina, ambaye hakuweza kunyamaza zaidi ya hatua kumi, alinyamaza.

Kibanda kilikuwa cha fito za mkole zilizoinamishwa na kufungwa juu kwa kamba za magome, kikaezekwa nyasi mpaka chini, kimegeuzia mgongo upande wa upepo. Ndani mtu aliweza kulala na kuketi, kusimama hakuweza. Kukizunguka, kwa hatua ishirini kila upande, Makoye alikuwa amekwangua ardhi kwa jembe mpaka ikawa nyekundu na tupu kama sakafu. Katikati ya uwanja huo palikuwa na shimo lenye kina cha goti, na ndani yake mafiga matatu. Ndiyo amri ilivyosema: mlinzi apike ndani ya shimo.

Lakini mbele ya kibanda palikuwa na moto wa pili. Magogo matatu ya mgunga yalikutana vichwa, yakifuka taratibu mchana kweupe, na kando yake vilikuwepo vigoda vitatu vya gogo.

"Kaka, hivi vyote unakalia mwenyewe?" Serafina aliuliza. "Asubuhi hiki, mchana hiki?"

"Ni shikome," alisema Makoye.

Kwetu Usukumani kila mji, yaani makazi ya ukoo mmoja, wenye wanaume una shikome, moto wa uwanjani ambao wanaume huota jioni. Hapo ndipo baba huwapa wanawe habari za ukoo, na ndipo mgeni hufikia kabla hajaonyeshwa mlango. Mji usio na shikome watu huupita haraka. Makoye alizaliwa kwenye mji wa baba yake, mzee Masele, ambako moto huo haukuzimika. Asubuhi ulifunikwa majivu na jioni ukafukuliwa. Mtu wa namna hiyo, umweke porini miezi mitano, umwambie apike shimoni na alale, usiku wake hauna mwanzo.

Nilimwambia maneno ya mke. Nilisema hilo shikome halimo katika amri.

"Gregory ameliona," alinijibu. "Alicheka tu. Aliniuliza nangoja nini, fisi? Nikamwambia fisi hajui kukaa."

"Na ni nani aliyekwisha kuja?"

Alifikiri. Hakuwa mtu wa kujibu haraka hata swali jepesi. "Nyinyi," alisema.

Tulikula karanga, tukanywa uji, na saa nane tukaondoka ili tufike kabla ya giza. Alitusindikiza mpaka mwisho wa ile ardhi nyekundu na kusimama hapo, kwa sababu hakuruhusiwa kuuacha moto peke yake. Tulipokuwa tumekwisha kumezwa na nyasi Serafina alisema, "Umeona anavyoyapanga maneno? Kama mtu anayehesabu shanga. Amesahau kuzungumza." Nilimkatiza. Sikupenda mtu amseme mume wangu, hata akiwa dada yake.

Kuhusu upweke wake alinisimulia baadaye, kidogo kidogo, kwa miaka. Alisema mwezi wa kwanza mtu huzungumza na nafsi yake, na mwezi wa pili anachoka kujisikia. Alizijua kuni zake moja moja. Mkole ulilia na kurusha cheche. Huo aliuweka shimoni tu. Mpingo uliwaka kwa mwali mfupi wa samawati na joto lake lilimfanya asogee nyuma. Mgunga ulikuwa wa kukaa nao, kaa lake lilifika asubuhi. Jioni alipanda juu ya kichuguu, akazunguka akitazama pande zote nne kama kuna moshi mahali pasipostahili. Kisha alirudi, akafukua makaa, akayapuliza, akaketi kwenye kigoda cha kati. Vigoda viwili vilibaki vitupu kila upande. Alisema hilo ndilo lililomchosha kuliko kazi.

Wiki ya mwisho ya Julai alikuja mgeni.

Jua lilikuwa limekwisha kuzama na mbingu bado nyekundu. Makoye alisikia kikohozi kabla hajaona mtu. Kisha sauti ikasema kutoka kwenye nyasi, "Hodi, wenye moto."

"Karibu," alisema Makoye. Aliniambia kwamba neno hilo lilitoka likiwa na kutu.

Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, amebeba sanduku la bati kichwani na blanketi begani. Alisalimia, akaketi kwenye kigoda cha kulia bila kuonyeshwa, kama mtu aliyelelewa vizuri. Makoye alimpa maji. Mgeni alitumia sehemu ya maji hayo kutawadha, akaswali pembeni, kisha akarudi akala ugali na mlenda. Makoye hakumuuliza jina. Kwetu mgeni haulizwi jina kabla ya kushiba, na alipokwisha kushiba mazungumzo yalikuwa yamefika mbali, ikaonekana si adabu kurudi mwanzo.

Alitoka Geita, kwenye mgodi mkubwa. Alikuwa amefanya kazi chini ya ardhi miaka sita mpaka kifua kikamkataa. Sasa alikuwa anarudi kwao, kusini ya Kahama, kwa miguu, akikata porini ili asipite vijijini na kikohozi chake, kwa maana katika vijiji viwili alikwisha kufukuzwa.

"Huko chini mnaota moto gani?" Makoye alimuuliza.

"Hakuna moto. Kila mtu ana taa yake ya kabaidi kwenye kofia. Mwali kama ukucha." Mgeni aliyanyoshea makaa mikono. "Watu mia, miali mia, na hakuna anayeota."

Waliongea mpaka Makoye akakauka koo. Aliniambia walizungumza habari za ng'ombe, za wake zao, za baba zao, na kwamba mgeni alicheka mara mbili, na mara zote mbili akakohoa. Alimwachia kibanda alale humo, yeye akalala nje kando ya moto.

Asubuhi mgeni alifunga blanketi lake, akajitwika sanduku kichwani, akasema, "Kaka, nipe moto."

Hapo ndipo mambo yote yanapoanzia, na lazima nieleze kwa msomaji ambaye hakulelewa kwetu. Vita vilikuwa vimekwisha miaka miwili lakini viberiti vilikuwa haba. Dukani Segese vilitolewa chini ya meza kwa watu wanaojulikana. Mgeni hakuwa nacho. Mbele yake palikuwa na siku tatu za pori, na simba walikuwa wengi kuliko sasa. Msafiri alibeba kijinga cha moto, kipande cha gogo kinachofuka, naye jioni alikipuliza akapata wa kulalia. Tena kwetu moto haunyimwi. Mtu anaweza kukunyima chumvi, akakunyima jembe, mkabaki majirani. Akikunyima moto, amekutangazia kwamba wewe ni mchawi au kwamba yeye ni adui yako. Na huyu alikuwa ameketi kwenye shikome lake, akala chakula chake.

Upande mwingine ilikuwepo amri, nayo ilikuwa fupi: moto usibebwe ndani ya nyasi na mtu yeyote kwa namna yoyote.

Makoye alizitazama nyasi, akayatazama makaa. Mgeni akaona, akasema, "Kama kuna shida, basi."

"Hakuna shida," alisema Makoye.

Alichukua chungu chake cha kupikia, kimoja tu alichokuwa nacho, akakipasua kwa jiwe. Alichagua kigae kirefu chenye tumbo, akatandaza majivu ndani, akaweka kaa la mgunga lenye ukubwa wa ngumi, akalifukia kwa majivu mengine mpaka halikuonekana, akafunika kwa kigae cha pili na kukifunga kwa gome bichi. Alimpa mgeni mikononi mwake.

"Usikipunge," alimwambia. "Usikifunue mpaka uvuke mto wa mchanga. Ng'ambo hakuna nyasi zetu."

"Nimesikia, kaka."

"Ukisikia mkono unaungua, kiweke chini, usikitupe."

"Nimesikia."

Alikwenda. Makoye alisikiliza kikohozi kikipungua mpaka kikawa kama cha ndege.

Saa nne asubuhi aliona moshi, upande wa mto wa mchanga lakini huku, ndani ya nyasi. Alikimbia na matawi mabichi mkononi. Kwanza ulikuwa mstari mdogo, mwembamba, unatambaa chini ya majani. Alipiga, akaua hatua hamsini za moto peke yake. Kisha upepo ukageuka. Gregory na walinzi wengine walifika alasiri, na walipigana nao siku mbili, nyusi zikaungua, lakini ulikwisha kuwazidi. Ulikwenda mpaka karibu na Bulyanhulu na kufa wenyewe kwenye mawe. Moto wa Julai, mpita njia. Nyasi zote zilikwisha, na vichaka vyote vilibaki vimesimama, vyeusi chini na kijani juu.

Siku ya tatu Makoye alifuata alama mpaka mahali moto ulipoanzia. Palikuwa na kisiki njiani, na kando ya kisiki kile kigae, kimelala kifudifudi, kimepasuka ubavuni, gome lake bado limefungwa. Yule mtu hakukipunga wala kukifunua. Alikuwa amejikwaa, labda kikohozi kilimshika. Makoye alichimba kwa mkono akakifukia palepale. Gregory alikuwa hatua mia kutoka hapo, akivuta sigara na kulaani, na hakuona.

Alirudi nyumbani kungoja siku ya baraza. Alinieleza haya yote jioni ya kwanza, tukiwa wawili, akizungumza chini kwa chini. Nilimsikiliza mpaka mwisho, kisha nikachukua kalamu.

Katika ukoo wa Masele hakuna aliyewahi kusimamishwa barazani. Baba mkwe wangu alikuwa mtu ambaye hata mtemi alimpa kiti. Mimi nilisoma kwa masista mpaka darasa la sita, wakati ambapo wanawake waliosoma hivyo katika nchi yetu walihesabika kwa vidole, na wazazi walinikabidhi binti zao kwa sababu ya jina hilo. Sikuwa tayari kuliona likiburutwa. Niliandika barua kwa Bwana Mbung'o, kurasa mbili, kwa mwandiko wangu mzuri wa darasani. Niliandika kwamba mlinzi Ignas Makoye aliona moshi ukitoka upande wa wachimbaji wa dhahabu wanaojificha porini, na kwamba alipigana na moto kama ilivyompasa. Ilibaki sahihi yake tu.

Asubuhi niliiweka mbele yake, baba mkwe akiwa ameketi hapo.

Makoye alisoma polepole, midomo ikitembea. "Mwandiko ni mzuri sana," alisema.

"Tia sahihi basi."

"Ni mzuri. Lakini huyu anayesema humu simjui."

"Makoye," alisema mzee Masele, "mkeo amekaa usiku kucha."

"Naona, baba. Ameandika wachimbaji. Wakisoma hii watakwenda Bulyanhulu, watakamata watu wawili watatu, watawachapa na kuwafunga. Mimi nitakuwa hapa nakula ugali."

"Basi sema ukweli wako," nilimwambia. "Sema ni yule mgeni."

"Watamfuata Kahama."

"Wamfuate. Si ndiye?"

"Alipata wapi moto?"

Aliikunja barua vizuri, kwa mikunjo ileile niliyoikunja mimi, akanirudishia.

"Mama Generosa," alisema, akiniita kwa jina la binti yetu, "wataniuliza swali moja. Nitajibu hilo moja."

"Na watoto? Watakuwa watoto wa nani?"

"Wangu," alisema. Mzee Masele aliinuka akatoka nje, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nilimwona akitembea kwa kujishika ukuta.

Barazani niliketi nyuma na wanawake. Bwana Mbung'o alikuwepo, amekaa pembeni na kofia magotini, amechoka zaidi kuliko kukasirika. Mwanangwa ndiye aliyeuliza, na karani mmoja aitwaye Eustace aliandika.

"Moto ulitoka wapi?"

"Kwangu," alisema Makoye.

"Kwako wapi? Shimoni?"

"Kwenye moto wa kuota."

"Ulikuwa na moto wa pili?"

"Nilikuwa nao."

Watu walinong'ona. Gregory alitazama chini, kwa kuwa alikuwa ameuona akacheka.

"Ulikuwa umelewa?"

"Hapana."

"Basi ulitokaje, huo moto? Ulisimama ukatembea?"

Watu walicheka. Mtu mmoja mlangoni akasema, "Labda ulichoka kukaa naye, hazungumzi," wakacheka zaidi. Makoye alingoja wanyamaze.

"Ulitoka kwangu," alisema tena.

Karani Eustace aliinua kichwa. Kwenye karatasi yake palikuwa na nafasi ya sababu, na nafasi haikuweza kuachwa tupu. Alimtazama Makoye, akangoja, kisha akaandika neno moja na kulisoma kwa sauti: "Alilala." Makoye alifumbua mdomo, akaufunga. Ndivyo neno hilo lilivyoingia duniani. Hakuna aliyemwona amelala. Liliandikwa kwa sababu karatasi ilitaka jibu, na yeye akaliacha likae mahali pa yule mtu wa kikohozi.

Mimi pia nilikuwa hapo. Nilijua, nami sikusimama. Nilijiambia kwamba mwanamke hasimami barazani, jambo ambalo ni kweli.

Alifukuzwa kazi siku hiyohiyo. Hilo tulilitegemea. Ambalo hatukulitegemea ni lililofuata nyumbani. Jioni wazee jirani waliokuwa wakija kuota kwenye shikome la Masele walianza kupata mafua, au ng'ombe aliyezaa, au mguu unaouma. Asubuhi, watoto waliotumwa na mama zao kuomba kaa la kuwashia jiko walipita mlangoni petu na vigae vyao vitupu, wakaenda kwa Limi aliyekaa mbali zaidi. Serafina alisimama uwanjani akiwahesabu.

"Leo hata mtoto wa Mbuke," alisema. "Amepita hapa kama hatuoni. Nimemuuliza, mbona unakwenda mbali? Unajua amenijibu nini? Eti mama anasema moto wa kwa Masele una miguu."

"Acha," alisema Makoye.

"Nimeacha. Nakuambia tu walivyosema."

Aliendelea kuwasha shikome kila jioni. Baba yake aliketi naye mpaka alipofariki Machi iliyofuata. Baada ya hapo aliketi peke yake, na mimi ndani, nikisahihisha madaftari kwa kibatari, niliona mgongo wake mlangoni na mwanga ukicheza pembeni mwake.

Mwaka 1948, vichaka vikiwa vimebaki na mbung'o wamebaki navyo, mtemi alitoa amri kwamba pori likatwe kwa mikono. Kila mji utoe mwanamume mmoja mwenye shoka, kwa wiki tatu, baada ya mavuno. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini. Watu walinoa mashoka yao wakimtaja Makoye. Yeye alinoa lake akaondoka pamoja nao, akitembea nyuma ya mstari.

Wiki ya pili nilimpelekea unga na maziwa ya mgando. Serafina alikuwa mgonjwa, nilikwenda peke yangu. Nilisikia mashoka kabla ya kuona kitu, mamia, kama mvua inayoanza juu ya bati. Kambi ilikuwa kwenye uwanda uliokatwa: vibanda vya matawi katika mistari, kila kijiji mahali pake, na mbele ya kila vibanda vinne vitano moto mkubwa wa magogo waliyoyakata wenyewe. Jua lilikuwa linashuka, watu walikuwa wanarudi, wakicheka, wakikaanga nyama ya swala. Niliuliza alipo Makoye. Walinielekeza kwa adabu, kwa kidole kilichonyooshwa mbali.

Kibanda chake kilikuwa nje ya mistari, kando ya miti ambayo haijakatwa bado. Alikijenga vilevile, fito za mkole, mgongo kwenye upepo. Alikuwa amekwangua ardhi hatua ishirini kila upande, ingawa hapo hapakuwa na nyasi za kulinda. Magogo matatu ya mgunga yalikuwa yanawaka, na vigoda vitatu.

"Mwadila," nilimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, Mama Generosa." Alipokea kibuyu, akakiweka kivulini. Mikono yake ilikuwa imepasuka. Alifurahi kuniona, niliona. Alikipangusa kigoda cha kulia kwa kiganja. "Kaa kidogo."

Shikome ni la wanaume. Mwanamke huleta chakula, huweka, huondoka. Ndivyo nilivyofunzwa na mama yangu na ndivyo nilivyoona kwa mama mkwe. Tena nilikuwa mwalimu, na kambi nzima iliweza kuona mpaka pale, maana pori lilikuwa limelala chini.

"Jua linazama," nilisema. "Na watu wanatazama."

"Hawatazami huku," alisema Makoye. "Tangu nije hakuna aliyetazama huku."

Nilibaki nimesimama. Alichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Aliniuliza kama Generosa amepona jino, nikasema amepona. Aliuliza kama ghala limeingia mchwa, nikasema bado. Kisha hakuuliza tena, akawa anautazama mwali, na mimi nikamtazama yeye, kovu lake la utotoni likiwaka jekundu kwa mwanga ule. Nilijua kwamba ningeketi hapo nusu saa tu, mtu mmoja kwenye kigoda kimoja, kungekuwa na neno la kumfikisha mwisho wa zile wiki tatu. Nilifunga kanga yangu, nikamwambia alale salama.

Njia ya kurudi ilipita katikati ya kambi. Hapakuwa na nyingine. Nilipofika moto wa kwanza wanaume walisogeza miguu kunipisha, na vijana waliokuwepo wakasema, "Shikamoo, mwalimu." Nikaitikia marahaba. Wa pili wakasema vilevile, nikaitikia. Wengine walinifahamu kwa sababu niliwafundisha dada zao, wengine walimfahamu baba mkwe, na kila mmoja alinipa heshima yangu kamili, mimi nikaipokea, shingo imenyooka, moto baada ya moto, mpaka nikafika barabarani.